Mapigo Matano ya Honi

Jiji la Meksiko, 9 Machi 1997

Shangazi yangu Hortensia mpenzi,

Salamu ninazokutumia ni nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba, basi zile zitakazodondoka njiani waokote watu wa posta, nao wana haki ya kufurahi. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na nina furaha hadi naona haya kuonekana nayo. Baba naye mzima. Bado anaendesha lori lake la maji, na bado anawalaani wote waliojenga nyumba za ghorofa bila kuweka lifti. Hakuniambia nikusalimu, unamjua kaka yako, lakini nilimkuta ameishika picha yako ya Ensenada akiifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Kitambaa cha meza ulichotudarizia kilifika wiki moja baada ya harusi. Nimekitandika, nimekitandua, nimekitandika tena. Kila mtu anauliza kwa nini hukuja. Nasema shangazi ana kibanda cha samaki, hawezi kukiacha. Miaka kumi na moja hujakanyaga jiji hili, shangazi, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi ulipoondoka. Sikulaumu. Ningependa tu umwone.

Umwone Ulises! Kazi yake ni kukata vioo vya miwani katika duka moja huko Tacubaya. Ndivyo tulivyokutana: alinipima macho, akanipima tena, akasema vipimo havijatulia, nirudi kesho. Nilirudi kesho nne. Siku hizi, kila asubuhi kabla sijafungua macho vizuri, ananivua miwani niliyolala nayo, anaipulizia pumzi, anaifuta kwa upindo wa shati lake, ananivisha, na kitu cha kwanza ninachokiona duniani ni yeye. Niambie kama kuna mwanamke mwingine mwenye bahati hii.

Tunaishi ua mmoja na mama yake, Mama Casilda, mjane, mpole, anayepika kama malaika. Asubuhi tunatoka wote wawili kwa gari la Ulises, lile dogo la mgongo wa kobe, la kijani, lenye milango miwili. Mimi nauza viatu mtaa wa pili kutoka dukani kwake. Gari ni la gia za mkono na Ulises hataki niliendeshe, ingawa Baba alinifundisha kwenye lori nikiwa na miaka kumi na sita. Anasema mguu wangu wa kushoto ni mzuri mno kuuchosha na klachi. Anasema hivyo mbele za watu! Mama Casilda alimnunulia honi ya lori siku yake ya kuzaliwa, ili watu wamsikie, kwa sababu gari lenyewe halionekani. Sasa wanamsikia.

Foleni ni chafu, hilo nakubali. Lakini kuna Alhamisi. Tangu uondoke wameweka sheria ya moshi: kila gari lina siku yake ya kulala nyumbani kwa kufuata namba, na letu hulala Alhamisi. Siku hiyo tunapanda treni ya chini ya ardhi, tunasimama tumebanana, ananilinda kwa mikono yake miwili kama ukuta, na jioni ananinunulia mkate mtamu wenye ganda la sukari juu. Alhamisi naipenda kuliko Jumapili.

Ninakubusu mashavu yote mawili na samaki wako wote,

Yadira wako

—

Ensenada, 4 Aprili 1997

Mwanangu Yadira,

Barua yako imenifikia ikiwa imekunjwa kana kwamba mtu aliikalia. Mimi sijambo. Goti linaniuma mvua ikikaribia, yaani haliniumi sana, maana huku mvua haina mazoea. Samaki wapo. Mwari mmoja, yule ndege mwenye mfuko kidevuni, ameamua kibanda changu ni chake. Jana aliiba minofu miwili mikononi mwa mteja, na mteja akataka nimrudishie. Mwari hakurudisha, nami sikurudisha.

Nimefurahi kitambaa kimefika. Usikitandike siku za mchuzi mwekundu.

Mpe mumeo salamu zangu. Umeniandikia mambo mengi sana kuhusu pumzi yake kwenye miwani na mstari mmoja kuhusu foleni, na katika mstari huo umesema ni chafu. Wewe ulikuwa mtoto wa kula tunda lililodondoka bila kulipangusa. Ukisema kitu ni kichafu, nataka kujua ni kichafu vipi.

Na ikiwa unapenda Alhamisi kuliko siku nyingine zote, nataka kujua pia siku nyingine zina nini.

Msalimu kaka yangu. Mwambie picha haihitaji kufutwa.

Shangazi yako,
Hortensia

—

Jiji la Meksiko, 27 Aprili 1997

Shangazi mpenzi,

Umenichekesha na huyo mwari wako. Sisi wazima. Mama Casilda amekata nywele! Kile kishungi cha kisogoni alichofuga tangu alipokuwa msichana amekitoa chote, sasa shingo yake inaonekana, na anajitazama kwenye kila kioo. Pia ana rafiki mgonjwa huko Tacubaya, anakwenda kumtazama kila Jumanne asubuhi. Anarudi ametota jasho na anaimba. Sijui ni mgonjwa gani huyo anayemfurahisha mtu hivyo.

Umeuliza ni kichafu vipi. Haya.

Kwanza harufu. Ulises haweki breki ya mkono. Hata kwenye mwinuko, hata tukisimama mpaka wachuuzi wa ubani wa kutafuna wamalize kutuuzia na waanze kutusimulia maisha yao, yeye analizuia gari kwa klachi, nusu imekanyagwa nusu imeachiwa, goti linamtetemeka, injini inalia. Klachi inaungua. Ile harufu ni ya nywele zilizoungua pamoja na kwato na kitu kingine kilichokufa wiki iliyopita. Inaingia kwenye nguo. Wateja dukani wananusa viatu wakidhani ni ngozi mbaya, kumbe ni mimi.

Nilimwambia, "Mpenzi, vuta breki ya mkono, upumzishe mguu."

"Breki ya mkono ni ya wazee," akasema. "Nikiivuta, mpaka niiachie, mjinga mmoja ameshaingiza pua hapa mbele."

Na kweli wanaingiza pua. Ukiacha nafasi ya kupitisha paka, kuna mtu ataona inamtosha na basi lake. Kwa hiyo Ulises anaenda ameng'ang'ania bampa ya mwenzake, gia ya kwanza, inchi kwa inchi, klachi, klachi, klachi, kichwa changu mbele, nyuma, mbele, nyuma, hadi kifungua kinywa changu kinanigonga koo.

Pili, chupa. Sikutaka kuliandika hili. Chini ya kiti chake kuna chupa ya sharubati ya chungwa isiyo na sharubati. Foleni ikikwama kwenye barabara ya mtaroni, ile iliyozama kati ya kuta mbili, pale pasipo na pa kutokea, ananiambia, "Tazama ndege, mpenzi." Nami natazama ndege. Wiki iliyopita hakukaza kifuniko. Ilimwagika ikapita chini ya pedeli zote tatu ikaja kwenye viatu vyangu vipya, vile vya kahawia. Akasema, "Samahani, malkia," akaendelea kukanyaga, na kila akikanyaga klachi kulikuwa na mlio wa kutafuna. Niliteremka Tacubaya nikavitupa viatu kwenye pipa na kuingia kazini pekupeku. Mwenye duka akadhani natangaza biashara.

Tatu, kinywa chake. Shangazi, kinywa kile kile kinachopulizia miwani yangu! "Sogea wewe gunia la viazi! Unangoja barabara ikupigie magoti?" Na yule mwingine anachomoa kichwa: "Ruka juu kama una mabawa, bwana mdogo!" Hapo Ulises anapiga yale mapigo matano ya honi. Unayajua. Hapa mtoto huyajua kabla hajajua kusoma, tusi la mama ya mtu, bila kufungua mdomo. Anayapiga kwa honi ile ya lori, kwa wazee, kwa gari la maiti, kwa mtawa mmoja aliyekuwa kwenye pikipiki. Nami nimeketi pembeni nimevaa pete yake.

Kisha tunafika, anazima injini, uso unarudi kuwa wake, ananibusu kipajini. "Siku njema, roho yangu." Nabaki kando ya barabara sijui nimebusiwa na nani.

Kuna siku alinigeukia mimi pia. Nilikuwa nimemwambia tu aweke gia ya kwanza, gari lilikuwa limezimika. Aliniita neno. Sitaliandika.

Sasa anataka kununua gari la pili, kuukuu, la namba nyingine, ili Alhamisi nayo tuende kwa gari. Majirani wote wamefanya hivyo. Amelikuta moja, la kijivu. Anasema ni zawadi kwangu.

Mke mwenye furaha bado,
Yadira

—

Ensenada, 22 Juni 1997

Mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema Mei. Niliisoma kibandani, nikaiweka chini ya mizani, nikapima samaki juu yake mwezi mzima. Sasa inanuka, kwa hiyo ni haki tumelipana.

Goti lile lile. Mwari ameleta mke.

Kuhusu chupa: itupe. Usimwombe ruhusa.

Kuhusu gari la pili: sina la kusema.

Kuhusu neno lile: umefanya vizuri kutoliandika. Lakini najua unalikumbuka alivyolitamka, na upande gani wa uso wake uliouona.

Kula vizuri.

Hortensia

—

Jiji la Meksiko, 6 Julai 1997

Shangazi,

Wote wazima huku. Baba ameumia kidole kidogo kwa dumu la maji, si kitu.

Barua yako ni fupi kuliko bei iliyoandikwa kwenye kiatu. Nilingoja wiki tisa, naipata ina mwari na mke wa mwari!

Mvua zimeanza. Juzi barabara ya mtaroni ilijaa. Unajua ule mto waliouziba chini yake, ambao siku hizi ni wa vyoo tu. Ulipanda juu kuja kututembelea. Maji meusi yalifika mlangoni, yakaingia kwa chini, pamoja na vitu vilivyoelea ambavyo sitavitaja kwa mtu anayeuza chakula. Niliinua miguu nikaiweka kwenye dashibodi. Ulises alikuwa ameng'ang'ania gia ya kwanza akipiga honi kwa maji. Kwa maji, shangazi! Mama Casilda alikuwa kiti cha nyuma na kapu lake la sokoni mapajani, macho ameyafumba. Kule nyuma hakuna mlango, mtu hawezi kutoka mpaka aliye mbele atoke. Nikamsikia akinong'ona, "Mungu wangu, nipe miguu yangu mwenyewe." Nilidhani anasali.

Usiku wa siku hiyo Ulises alinichemshia maji, akaniosha miguu kidole kwa kidole, akaikausha, akaipaka mafuta. Nililia. Alidhani nalia kwa mapenzi na sikumsahihisha, maana yalikuwamo.

Nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima. Ulikuwa mke wa Mjomba Baltazar. Namkumbuka vizuri: alikuwa akinichongea farasi wa mbao, hakuwahi kuinua sauti mezani. Nyumbani kwetu hakuna anayesema kwa nini ulimwacha. Baba huenda kuosha lori akiulizwa. Nataka kujua yupi ndiye mume wangu, huyu wa beseni au yule wa usukani. Maana gari la kijivu anataka kulilipia mwisho wa Agosti, na nikikosa hata Alhamisi, sijui kama nitabaki.

Nimeandika neno hilo. Limekaa hapo linanitazama.

Yadira

—

Ensenada, 20 Julai 1997

Yadira mwanangu,

Nakujibu siku ile ile, kibanda nimekifunga, wateja wananitukana nje. Goti ni zima. Tuache goti.

Baltazar alikuwa mtu mzuri mezani. Alikuwa mzuri kitandani, kanisani na kwenye misiba. Gari letu lilikuwa jeupe, gia zake zilikuwa kwenye shingo ya usukani, na kila jioni alikuwa akinichukua kutoka kiwandani tukapita njia ya mzunguko. Yote uliyoniandikia niliyaishi, isipokuwa chupa, yeye alitumia kopo. Mimi pia nilijiuliza ni yupi. Nilijiambia yule wa mezani ndiye, na yule wa garini ni foleni tu, ni moshi, ni njaa. Nilijiambia hivyo kwa miaka tisa.

Siku moja, mvua, tumekwama kwenye mwinuko, mwanamke wa gari la mbele akazimikiwa. Alikuwa na watoto nyuma. Gari lake likawa linarudi kidogo kila akijaribu, linarudi, linazimika. Baltazar akampiga yale mapigo matano. Akayarudia. Yule mwanamke akageuka kututazama. Hakunitazama kwa hasira, mwanangu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mke wa mtu mwenye ugonjwa wa kunuka. Akanihurumia.

Nikafungua mlango. Ndilo jambo la ajabu, kwamba mlango ulikuwa ukifunguka kwa ndani siku zote. Baltazar akasema, "Unakwenda wapi, kuna mvua." Nikatembea kati ya magari, nikashuka ule mwinuko, nikaendelea. Sikuchukua hata koti. Magari hayakuwa yakienda, kwa hiyo hakuweza kunifuata, na kuliacha gari lake katikati ya barabara asingeweza, angepigiwa honi.

Sikukuandikia haya mapema kwa sababu sikutaka uwe mimi. Ulises simjui. Baltazar hakuwahi kumwosha mtu miguu. Wala sikumpa nafasi ya kuambiwa alivyo; niliondoka tu, na mpaka leo nadhani anaamini nilikuwa na mwanamume mwingine. Kumwacha sijutii. Kinachonikera ni kwamba hajui.

Shuka kama unataka kushuka. Lakini kabla hujaenda mbali, mwambie.

Hortensia

—

Jiji la Meksiko, 17 Agosti 1997

Shangazi mpenzi, shangazi yangu wa dhahabu,

Keti. Vua aproni. Sisi wote wazima, hata Mama Casilda, hasa Mama Casilda.

Barua yako niliibeba kwenye sidiria wiki nzima. Jumanne, tarehe tano, tulikuwa kwenye mwinuko wa kupandia njia ya mzunguko. Joto, moshi, mtu wa basi la pembeni anatema maganda ya mbegu na upepo unayaleta kwenye nywele zangu. Klachi inanuka. Mbele yetu kabisa palikuwa na gari la shule ya udereva, lina kibao juu ya paa, nalo likazimika. Likawashwa, likaruka kama chura, likazimika, likarudi nyuma kidogo. Ulises akaanza.

"Nenda kajifunzie jikoni, bibi! Huo ni usukani, si kijiti cha kusukumia chapati!"

Akapiga yale matano. Kwa nguvu zote za honi ile. Gari la shule likatetemeka, likazimika tena. Akapiga tena matano. Nikamwambia, "Ulises, basi, mtu anajifunza." Akanigeukia akaniita neno lile lile.

Nikafungua mlango, shangazi. Ulikuwa ukifunguka kwa ndani.

"Unakwenda wapi? Yadira! Tutachelewa!"

Nilipanda mwinuko badala ya kushuka, nataka kumwomba radhi yule mwanamke, asije akanihurumia bila kunisikia. Nikafika dirishani kwake. Nikaona shingo. Shingo isiyo na kishungi.

"Mama Casilda?"

Alikuwa ameushika usukani kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Machozi yanamshuka na hayafuti kwa sababu hataki kuachia. Kando yake mwalimu wake, mtu mnene, mkate wa maharage mkononi, anamwambia taratibu, "Mama, klachi si mende. Usiikanyage kwa hasira kisha ukaikimbia."

"Honi ile naijua," Mama Casilda akasema. "Niliinunua mimi."

Nilisema, "Mama, niendeshe mimi?"

"Hapana." Akavuta pumzi. "Nimechoka kukaa kule nyuma kusikokuwa na mlango. Ingia, ukae na mimi. Usimwambie lolote huyo aliye nyuma yetu."

Basi nikaingia kiti cha nyuma cha gari la shule. Mwalimu akanipa kipande cha mkate, sijui kwa nini, nikala. Nyuma yetu honi inalia. Mama Casilda akavuta breki ya mkono, ndiyo, ile ya wazee, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi polepole mpaka pua ya gari ikainuka kidogo kama ng'ombe anayenusa, akakanyaga mafuta, akashusha breki. Tukaondoka. Shangazi, tulipanda mwinuko ule bila kurudi hata unene wa kidole! Mwalimu akapiga makofi akaangusha maharage. Nikatazama nyuma nikaona gari la kijani limesimama, mlango wangu bado uko wazi, na Ulises ametoa macho bila kuelewa mke wake amepanda gari la nani. Na limemzimikia.

Jioni aliniuliza. Nikamwambia nilimsaidia mwanamke yule, nikaishia hapo. Akasema samahani kwa neno lile, akaleta beseni. Nikaikunja miguu chini ya kiti. "Leo hapana," nikasema. Alikaa na lile beseni mpaka maji yakapoa.

Jumapili iliyofuata tulikula wote, Baba naye alikuja na kidole chake. Mama Casilda alipika ule mchuzi wa mahindi makubwa na kichwa cha nguruwe, akatandika kitambaa chako (mchuzi mweupe, usiogope). Ulises alitaka kutuchangamsha maana mimi nilikuwa kimya. Akaanza kusimulia.

"Jumanne, baba mkwe, ungekuwepo! Kibibi kimoja kwenye mwinuko, gari linaruka kama panzi. Nikakipa zile tano, mara mbili!"

Baba akacheka. Mama Casilda alikuwa amesimama na upawa. Akaugonga kwenye ukingo wa sufuria: mapigo matano, yenyewe hasa, bila kukosea. Kicheko cha Baba kikafa njiani.

"Ulikipigia hivi?" Mama Casilda akauliza.

"Mama! Mezani?"

"Mama ya kile kibibi alikukosea nini?"

"Simjui hata, mama. Ni namna tu ya kusema."

"Unamjua. Aliitwa Eustolia. Alikubeba mgongoni miaka mitatu nilipokuwa nafanya kazi, na alikufa ameushika mkono wako. Kile kibibi kilikuwa mimi, Ulises. Nilikuwa nimekaa pale mguu unanitetemeka, na mwanangu akamtukana mama yangu kaburini mwake, mara mbili, kwa honi niliyomnunulia mimi."

Hakuna aliyetafuna. Ulises alinitazama, mimi nikamwambia lile nililokuwa nimelibeba na barua yako: kwamba nampenda mtu wa beseni, na mtu wa usukani ananitia kichefuchefu, na wakiendelea kuishi mwili mmoja nitalazimika kuwaacha wote wawili. Sauti yangu haikutetemeka. Miwani tu ndiyo iliyoingia ukungu.

Alitoka uani. Tukasikia vyuma. Baba akanong'ona, "Anaondoka?" Mama Casilda akasema, "Kula." Alirudi mikono imejaa grisi hadi viwiko, ameibeba ile honi na nyaya zake zikining'inia kama utumbo, akaiweka mezani mbele ya mama yake, kati ya figili na ndimu.

"Ondoa uchafu huo," Mama Casilda akasema. "Watu wanakula."

Akauondoa. Kisha akarudi akapiga magoti, na yaliyosemwa hapo ni yao.

Usidhani amekuwa mtakatifu. Bado anaguna. Jumatano alimwambia dereva wa teksi jambo kuhusu masikio yake. Lakini chupa nimeitupa bila kuomba ruhusa, gari la kijivu amelikataa, Alhamisi ni zetu, na asubuhi nyingine ninaendesha mimi. Mguu wangu wa kushoto unauma na bado ni mzuri, nimeutazama. Juzi tulikwama kwenye mwinuko ule ule, nikavuta breki ya mkono. Mtu akaingiza pua mbele yetu. Ulises alifumbua kinywa, nikangoja. Akanivua miwani, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa shati, akanivisha. Nyuma yetu mtu akatupigia yale matano. Hatukugeuka.

Mama Casilda anasema klachi yao shuleni nayo inanuka. Ananuka kama sisi sote sasa, na anaimba.

Njoo, shangazi. Njoo umwone.

Yadira wako

—

Ensenada, 31 Agosti 1997

Mwanangu Yadira,

Wote wazima huku: mimi, goti, mwari, mkewe, na kifaranga chao chenye sura mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kuona.

Nimesoma barua yako kwa sauti kibandani. Mteja mmoja alilia kwenye samaki wake, ikabidi nimpe mwingine.

Nimemwandikia Baltazar, mistari minne tu, lakini sasa anajua.

Mwambie Mama Casilda kwamba nampigia makofi kwa mikono yenye mafuta ya samaki. Mwambie kaka yangu asiende kuosha lori.

Basi langu litafika stesheni ya kaskazini Jumatano, tarehe kumi na saba ya mwezi ujao, asubuhi, wakati foleni imeiva. Nimechagua Jumatano kusudi, gari lenu likiwa halijalala. Uendeshe wewe. Mimi nitakaa mbele, karibu na mlango. Mumeo akae nyuma, kule kusikokuwa na mlango, anishikie kapu. Nikitaka kushuka nitashuka, njia naijua. Lakini safari hii ningependa kufika.

Shangazi yako,
Hortensia